Tutozeni

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama kiingilio kifutwe kwa wenyeji ili tuende kwenye makumbusho na nyumba za sanaa, limenitonesha donda. Kifutwe, leo leo. Lakini nyumba za picha za Mji Mkongwe nyingi hazitozi kitu. Pita mtaa wa Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe: milango wazi, picha zimetundikwa mpaka nje. Na bado hatuingii.

Mwaka jana alinijia shoga yangu kutoka Wete, mshona kofia za viua, zile za maua ya vitundu, tangu tuko skuli. Alasiri moja tukitoka Darajani na mikoba yetu, nikamwambia tupite tukatazame picha. Ile kutia mguu tu, kijana wa mlangoni akatuuliza, "Mnamtafuta nani?" Karibuni hakusema. Wageni wawili walioingia mbele yetu hakuwauliza lolote. Nimezaliwa mji huu, na siku ile nilijiona naomba ruhusa.

Ndani, ukuta mzima twiga na tembo wa tingatinga. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam miaka ya 1960, na sina ugomvi nao. Lakini Unguja haina tembo, na kima punju wetu wa msitu wa Jozani sikumwona hata mmoja. Shoga yangu hakushughulika na wanyama. Alisimama mbele ya picha ya mzee aliyekaa barazani, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Nikazunguka chumba chote, nikarudi, bado yupo pale pale. Kidole chake kinafuata vitundu vya kofia kimoja kimoja, bila kugusa.

"Huyu kaichora kofia aliyoiona," akanambia. "Tazama ua hili limepinda. Mshonaji alichoka hapa. Na mchoraji hakulinyoosha."

Nimefua kofia za baba, za mume na za wanangu, nimezitia wanga miaka yote hiyo, sikuwahi kuona mahali mkono wa mtu ulipochoka. Nikainama na mimi nitazame vizuri. Hapo kijana akaja, "Mama, msikaribie sana." Tukatoka. Njiani shoga yangu alinyamaza mpaka Forodhani, kisha akasema, "Mie ningekaa pale mpaka magharibi."

Sasa, nimeanza kwa kusema kifutwe, na kadiri ninavyoandika naona sivyo. Tutozeni. Shilingi 1,000, hata 500, na kikaratasi tupewe mkononi. Mwenye kikaratasi haulizwi anamtafuta nani, na ana haki ya kusimama mbele ya kofia moja mpaka aridhike. Wanafunzi na wazee waingie bure. Na mwenye mahali akisema pale ni dukani kwake, si makumbusho, nitamwelewa, ingawa salamu haimgharimu kitu.

Shoga yangu anakuja tena baada ya Ramadhani. Elfu yake nitamlipia mimi.