Mtoto akiandikiwa mpira wa kichwani, itunzeni picha yake

Tangu mtoto wa mdogo wangu atibiwe kichwa kikubwa, yaani maji kujaa kichwani, wazazi wenzetu hapa Tabora wananiuliza swali lile lile: daktari anapotoboa fuvu na kupitisha mpira ndani ya ubongo, anajuaje unakokwenda? Swali hilo lina haki yake. Wapo waliokosa jibu wakabaki na barua ya rufaa ndani, na huku kichwa cha mtoto kinazidi kukua.

Habahatishi. Ndani ya ubongo mna vyumba vya maji, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huu vimejaa vikatanuka. Mpira unavitafuta hivyo, ili uyatoe maji yaliyozidi. Kwa mtu mzima, mahali panapotobolewa mara nyingi ni upande wa mbele, takribani sentimita 11 kutoka shina la pua kurudi nyuma, na kama 3 pembeni ya mstari wa katikati. Ukiingia hapo kwa pembe mraba na fuvu, kwa kawaida unakikuta chumba. Kazi ngumu ni kuishika hiyo pembe. Mwaka 1985 Jamshid Ghajar, daktari wa Marekani, alichapisha habari za kifaa chenye miguu mitatu kinachokaa juu ya fuvu, chenye tundu katikati, ili mpira usiweze kuinama. Hakihitaji umeme wala kompyuta. Katika vyote nilivyosoma, hiki ndicho ninachokipenda, maana mtu aliwaza jinsi ya kuusaidia mkono wa daktari kwa kitu chepesi kabisa.

Shabaha ikiwa ndogo na iko ndani sana, kwa mfano uvimbe unaotakiwa kuchukuliwa kipande cha kupima, ndipo hufungwa kichwani fremu ya chuma ya kuongozea sindano. Madaktari Horsley na Clarke walieleza ya kwanza huko London mwaka 1908, kwa ajili ya wanyama. Madaktari Spiegel na Wycis wa Philadelphia wakatengeneza ya kutumia kwa binadamu mwaka 1947. Miaka miwili baadaye Lars Leksell wa Sweden akaweka upinde ambao katikati yake ndipo ilipo shabaha: sindano ipite upande wowote wa upinde, itafika pale pale. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa kafungwa chuma kichwani, usikimbie. Kile chuma kinazuia sindano isipotee.

Sasa ushauri wenyewe. Vifaa hivi vinataka picha nzuri, tena ya karibuni, kwa sababu vyumba vya maji hubadilika. Kama utosi wa mtoto bado haujafunga, altrasaundi hupita hapo ikaviona, nayo ni nafuu. Ukishafunga, mtaandikiwa CT scan. Wodini nilimwona mama aliyekuja na filamu aliyoikunja mara nne ndani ya mkoba. Mikunjo imekuwa michirizi myeupe, mmoja umepita katikati ya ubongo. Daktari aliinua filamu dirishani, akaigeuza, akaiteremsha, akaandika ipigwe nyingine. Ni gharama na ni siku. Filamu ibaki bapa ndani ya bahasha yake, mbali na jua. Ombeni na CD pia, na anayesafiri na mtoto ndiye aishike, siyo mjomba atakayefuata na treni ya kesho.

Muulizeni daktari bila woga: mpira utaingilia mbele au nyuma, na utaelekezwa kwa vipimo vya mkono, altrasaundi au kifaa kingine? Shikamoo kwanza, swali baadaye. Wetu alijibu kwa upole, akachora.

Baada ya upasuaji, ikiwa imepigwa picha nyingine, ombeni muoneshwe ncha ya mpira. Kwenye CT scan huonekana kama mstari mweupe ndani ya weusi wa maji. Hiyo nayo msiiache hospitali. Mpira unaweza kuziba hata baada ya miaka, na mtoto akianza kutapika, kulala kupita kawaida au kulia kichwa, daktari wa siku hiyo atataka kulinganisha.