Maswali na majibu: Askari mmoja kaunta

Barua za safari hii kutoka Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa zimeangukia jambo moja, nalo ni vituo vidogo vya polisi vilivyoko vijijini. Nimezifupisha, na nimeacha kutaja wilaya kwa sababu wengi wa walioandika hukutana na askari wanaowalalamikia kila siku ya gulio.

Kituo cha kata yetu kina askari sita. Saa mbili usiku tulipiga simu kwamba wezi wanavunja duka, lakini askari aliyepokea akasema hawezi kuondoka. Huyu analipwa kwa kazi gani? (Msomaji, mkoa wa Njombe)

Analipwa kwa kazi ya kukaa hapo alipokuwa. Askari sita wa kwenye orodha si askari sita wa kwenye kituo. Mmoja yuko likizo, wa pili ameitwa mahakamani wilayani kutoa ushahidi katika kesi ambayo huenda ikaahirishwa, na wa tatu amesindikiza mahabusu kwa basi la abiria kwa kuwa gari la kituo halipo au halina mafuta. Watatu waliobaki wanagawana saa 24, kila mmoja zamu ya saa nane akiwa peke yake, na hapo hatujampa yeyote siku ya kupumzika wala hatujamtoa mtu wa kufanya doria. Kwa hiyo saa mbili ya usiku yule mmoja aliyepo ana ufunguo wa chumba cha mahabusu, bunduki, kitabu cha kuandikia matukio ambacho mistari yake ameichora mwenyewe kwa rula, na simu yake binafsi anayoiwekea vocha kwa fedha yake. Akifunga mlango akawakimbilia wezi, na huku nyuma mahabusu akazidiwa na ugonjwa, atakayejibu ni yeye, si wewe uliyepiga simu.

Lipo pia suala la silaha. Kituo cha polisi cha Bukombe kilivamiwa Septemba 2014 na cha Stakishari, Dar es Salaam, Julai 2015; kote kuwili askari waliuawa na bunduki zikachukuliwa. Tangu hapo hakuna mkuu wa kituo mwenye akili timamu anayetaka kusikia kwamba kaunta yake iliachwa tupu usiku. Unapopiga simu kituo kidogo, piga pia kituo cha wilaya au namba ya dharura 112, maana huko ndiko gari la doria linakotoka, likiwapo.

Tumejenga kituo kwa nguvu za wananchi, tukachangishana tofali, mchanga na bati. Mwaka wa pili huu jengo limefungwa kwa kufuli. Tumlalamikie nani? (Msomaji, mkoa wa Iringa)

Anzeni na kamati yenu ya ujenzi. Swali hili hunijia kila msimu wa michango, na kila mara nauliza jambo lilelile: kabla ya kuchimba msingi, nani alikwenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya kumuuliza kama ana askari wa kuleta? Mara nyingi hakuna aliyekwenda. Mgombea aliahidi kituo, mtendaji akapewa lengo la kukusanya michango, likasimama jengo lenye kaunta nzuri ya saruji, akaja mgeni rasmi akakata utepe. Askari hawatokani na michango ya kata. Wanaajiriwa, wanafundishwa na kupangwa na Jeshi la Polisi, na wilaya yenye upungufu haiwezi kufungua kituo kipya bila kupunguza watu katika cha zamani, ambacho nacho, kama tulivyoona hapo juu, kina mtu mmoja usiku.

Jambo la pili mlilolisahau ni nyumba. Karibu kila ramani ya kituo ninayoletewa ina ofisi ya mkuu wa kituo, chumba cha silaha na vyumba viwili vya mahabusu, lakini haina hata kota moja. Askari akihamia kwenu atapanga chumba, na mwenye nyumba wake anaweza kuwa ndiye mpika gongo anayetakiwa kumkamata. Wenzenu wa Makete na Mufindi wanajua baridi ya Juni na Julai ilivyo; kijana aliyepangiwa huko akitokea pwani, akalala katika chumba chenye sakafu ya udongo huku mke na watoto wamebaki mbali, ataanza kutafuta uhamisho kabla mahindi hayajavunwa. Kama bado mna saruji, jengeni nyumba mbili za askari pamoja na choo na bomba la maji, kisha mpelekeeni Mkuu wa Polisi wa Wilaya barua inayoeleza kwamba nyumba ziko tayari. Barua hiyo ina uzito kuliko picha za uzinduzi.

Je, ni kweli dhamana ya polisi ni bure?

Ndiyo, na jibu halijabadilika tangu mlipoanza kuliuliza. Bango lake limebandikwa ukutani katika vituo vingi, lisomeni.

Nimeibiwa ng'ombe watatu. Mpelelezi ameniomba fedha ya mafuta ili aende kukamata. Nitoe? (Msomaji aliyeomba asitajwe)

Hapana. Hakuna sheria inayomtaka mlalamikaji anunue mafuta ya kumkamata mtuhumiwa. Nafahamu utaniambia kwamba usipotoa, ng'ombe watakuwa wamevuka bonde la Usangu na kupotelea mbali, na sikatai kwamba kituo kinaweza kumaliza mafuta kabla ya mwezi kumalizika. Lakini anayelipia mafuta ya upelelezi anajiona mwenye jalada, na mtuhumiwa mwenye lori la mpunga anaweza kulipia mafuta mengi kuliko wewe. Mweleze mkuu wa kituo, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Ukiona dalili za rushwa, TAKUKURU wanapokea simu kwa namba 113 bila malipo.

Niongeze ambalo hukuliuliza. Sehemu kubwa ya muda wa vituo hivi huliwa na madeni. Mfanyabiashara wa mbolea amemkopesha mkulima, mkulima ameshindwa kulipa, basi anakamatwa kana kwamba ameiba, na askari pekee wa zamu anageuka mkusanya madeni. Deni ni madai, na madai hupelekwa mahakamani. Ninyi mnaolalamika kwamba polisi hawafiki kwenye wizi wa mifugo, acheni kuwapa kazi ya kuwadai majirani zenu.

Kwa nini trafiki wamejaa barabara kuu ilhali kata yetu haina askari hata mmoja?

Kwa sababu malori yanayokwenda Tunduma yanaua watu katika mteremko wa Iwambi, Inyala na Kitonga, na hakuna kiongozi atakayethubutu kuwaondoa askari huko. Hata hivyo, mantiki hiyohiyo haijatumika kwenye barabara za ndani, ambako bodaboda inayobeba watu watatu na gunia la viazi haijawahi kumwona trafiki.

Binti wa jirani yetu wa darasa la sita amebakwa. Kituo chetu hakina askari wa kike, na wazee wanataka yaishe nyumbani. Tufanyeje?

Mpelekeni leo hospitali ya wilaya au kituo cha afya kilicho karibu, bila kumwogesha wala kufua nguo alizovaa. Nguo hizo zifungwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Matibabu ya haraka yaanze hata kama PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, bado haijapatikana. Fomu hiyo hutolewa bure na inaweza kufuata. Kisha nendeni kituo cha wilaya mkaulize Dawati la Jinsia na Watoto, na mwiteni afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, nayo ni bure.

Ama wazee, waambieni wazi kwamba ubakaji si shauri la kumalizwa kwa ng'ombe au kwa fedha, na kwamba anayepokea malipo hayo kwa niaba ya mtoto naye anaweza kujikuta mbele ya sheria. Wilaya ambazo hazina askari wa kike katika vituo vidogo zinajua hivyo, na ni jukumu lao kupanga angalau mmoja atakayeitwa inapohitajika, kwa kuwa sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake.

Mkuu wa kituo chetu ni mtu mwema sana. Tunataka kuandika barua asihamishwe.

Msiiandike. Mkuu wa kituo aliyeota mizizi kijijini huishia na shamba la miti, ubia wa mashine ya kusaga na wadai wa kuwaonea haya.

Mgambo wetu akimkamata mwizi usiku, anaruhusiwa kumlaza ofisi ya kijiji?

Raia yeyote anaweza kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ofisi ya kijiji haina chumba halali cha mahabusu. Mkiona kituo kiko mbali na barabara imekatika kwa mvua, mpigieni simu mkuu wa kituo, andikeni saa mliyomkamata na majina ya mashahidi, mumlinde bila kumpiga mpaka kupambazuke, kisha mwondoke naye kwa usafiri wa kwanza.