Waya za meno zenye kilango: faida yake hasa ni ipi?

Dada, umeuliza kama hizi waya za meno zinazojifunga zenyewe zinafaa kumtilia bintiyo, nanyi mko Malindi na daktari yuko Mombasa. Zinafaa. Kila breketi, yaani kile kidude kinachogandishwa kwenye jino, ina kilango kidogo kinachoubana waya, kwa hivyo vile vipete vya mpira vinavyoushika waya kwenye breketi za kawaida havihitajiki tena. Na mpira ndio unaoshika manjano: mchuzi mmoja wa samaki wenye bizari, rangi imeshaingia! Daktari naye hufungua kilango, akabadilisha waya, akafunga. Muda wa kukaa kitini hupungua kidogo.

Lakini ukiambiwa meno yatanyooka upesi zaidi au mtoto hatasikia maumivu, usikubali. Tafiti zilizolinganisha hizi na zile za kawaida hazikuona tofauti ya maana. Ustadi wa daktari una uzito kuliko aina ya breketi, na hizi bei yake huwa juu. Mswaki ni ule ule, kila baada ya kula.

Kabla ya kulipa muulize atataka kumuona kila baada ya wiki ngapi. Kwa nauli ya kwenda na kurudi Mombasa, mimi ningeanzia hapo.