Maswali Yenu: Kufunga Mitambo Mizito Bila Kufunga Hospitali

Taa ya chumba cha upasuaji ina kilo 60 tu. Kwa nini mhandisi anadai fremu ya chuma juu ya siling bodi?

Kinachong'oa boliti ni urefu wa mkono wa taa. Kilo 60 zikikaa mita 1.5 kutoka katikati ya bamba lenye boliti nne zilizoachana sentimita 30, boliti mbili za upande ulioelekea taa hugawana mvuto wa takriban kilo 300, mbali na uzito wa taa yenyewe. Mkono huo huzungushwa kutwa, hivyo kila boliti hupata zamu yake ya kuvutwa. Fremu hugawa mzigo kwa boliti nyingi zilizotawanyika kwenye slabu, yaani zege la juu. Iwekewe vyuma vya mshazari pande zote mbili, la sivyo taa itayumba kila inapoguswa.

Tumieni pimamaji kabla ya kukaza. Bamba likiinama nyuzi 1 tu, ncha ya mkono huo hushuka kama sentimita 2.6, na taa itajisogeza yenyewe upande wa chini huku daktari akiwa na kisu mkononi. Hapa hatukubali "inatosha".

Wagonjwa wamelala chumba cha pili. Vumbi tulizuieje?

Vumbi la ujenzi hubeba mbegu za kuvu wa Aspergillus, wanaoweza kumuua mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Pazia la nailoni lifike kwenye slabu kabisa. Likiishia kwenye siling bodi, vumbi litapita juu yake. Zibeni matundu ya kiyoyozi, kisha feni yenye chujio la HEPA (linalonasa chembe ndogo sana) ivute hewa ya ndani mpaka shinikizo liwe chini kuliko la korido. Dreli iungwe na kifyonza vumbi. Wahusika wa kudhibiti maambukizi waidhinishe haya kabla hamjafungua bodi hata moja.

Dreli imegonga chuma. Tukate tuendelee?

Hapana! Huenda ni waya wa chuma uliovutwa kwa nguvu ndani ya zege, na ndio unaobeba slabu. Simameni, mwiteni mhandisi. Skana, kifaa cha kuonyesha vyuma ndani ya zege, ilipaswa kupita kwanza.

Boliti za gundi zimeng'oka kwenye jaribio. Gundi ni mbovu?

Mara nyingi kosa ni unga uliobaki tunduni: gundi imeshika unga, haikushika zege. Pulizeni, sugueni kwa brashi ya waya, pulizeni tena, idadi ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Jazeni kuanzia mwisho wa tundu kurudi mdomoni ili hewa isinaswe. Zege likiwa baridi, gundi hukawia kukauka. Msikaze kabla ya muda wake.

Tunaweza kuchomelea fremu humo humo?

Chomeleeni karakana, humo mfunge kwa boliti. Juu ya siling hupita mabomba ya oksijeni.