Sato Hufika Wazima, Kesho Yake Wanaelea

SWALI: Ninafuga sato na kuwasafirisha wakiwa hai ndani ya tangi la mraba la mabati, na wasiponunuliwa huendelea kukaa humo humo. Safari huchukua saa nne hivi, na nikifika huwabadilishia maji yote mara moja. Hufika wazima, lakini kesho yake wengi hukutwa wanaelea. Je, nitengeneze tangi kubwa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, tangi kubwa zaidi la namna hiyo hiyo litakuzidishia hasara tu. Samaki waliosongamana hutoa hewa ukaa na amonia kupitia matamvua. Hewa ukaa huongeza asidi ndani ya maji, na kwenye asidi sehemu kubwa ya amonia hupungukiwa na makali. Unapomwaga maji mapya kwa mkupuo, asidi hushuka ghafla na amonia iliyobaki kwenye maji ya zamani hugeuka sumu kali. Ongeza maji mapya kidogo kidogo, au uwahamishie samaki kwenye maji safi baada ya kusawazisha joto, bila kuwamwagia maji waliyosafiri nayo. Vilevile, usiwalishe kwa saa 24 hadi 48 kabla ya safari, kwa maana samaki mwenye tumbo tupu hachafui maji sana. Hatua hii haina gharama, na inasikitisha kuona jinsi inavyopuuzwa.

Sasa tangi lenyewe. Mabati hupakwa zinki, na zinki huyeyuka kwa urahisi kwenye maji yenye asidi, ikadhuru matamvua. Tumia plastiki salama kwa chakula au faibaglasi. Kuta za ndani ziwe laini na pembe ziviringwe, kwa kuwa samaki anayejikwaruza hupoteza ute unaomkinga, na ukungu huanzia hapo hapo palipochubuka. Jaza maji hadi karibu na ukingo ili yasisukesuke gari linapofunga breki, na tangi likiwa refu, ligawe kwa vizuizi vyenye matundu. Mfuniko ubane, lakini uachiwe tundu la kutolea hewa ukaa. Oksijeni itoke kwenye mtungi na kupita katika mawe ya hewa yaliyotandazwa sakafuni kote, yenye vitundu vidogo sana, kwani mapovu madogo huyeyuka vizuri zaidi kuliko makubwa. Kuta ziwe za tabaka mbili zenye kizuia joto katikati: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi, na katika joto hilo samaki huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Chumvi ya kawaida, gramu 3 hadi 5 kwa lita, huwapunguzia mshtuko wa safari.

La kufugia liwe tangi lingine kabisa, na ningeshauri la duara. Bomba la kuingizia maji lielekezwe ubavuni ili maji yazunguke na kukusanya kinyesi katikati, sakafu iteremke kidogo kuelekea huko, na tundu la kutolea maji liwekewe wavu. Kwenye mraba uchafu hulala pembeni na kuoza. Iwapo maji yanarudishwa tangini, yapitishe kwanza kwenye chujio lenye bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali, na uliendeshe chujio hilo kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza samaki wengi, kwa sababu bakteria hao hukua polepole.