Nampendaje anayenichukia kwa sababu ya imani yangu?

SWALI: Shikamoo mama. Nimeokoka, huu ni mwaka wa tatu. Kazini nakaa chumba kimoja na dada ambaye tangu aliponiona nikisali asubuhi hanipi amani. Ananiita "mtakatifu" mbele ya wateja. Mwezi uliopita fedha zilipungua, akaeneza kwamba mimi ndiye niliyeiba. Baadaye ikaonekana ni kosa la hesabu, wala hakuniomba radhi. Mchungaji ananiambia nimpende. Nimejaribu, moyo haukubali. Nikisikia tu viatu vyake vinakuja, tumbo linanikaza. Je, mimi ni mnafiki? Na nikimshtaki kwa msimamizi nitakuwa nimetenda dhambi?
Msomaji aliyechoka

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama hapo kwenye viatu. Napajua hapo. Nilikuwa na jirani ambaye mlango wake ukilia tu, narudi ndani nikisubiri apite.

Wewe si mnafiki. Bwana aliposema "Wapendeni adui zenu" katika Mathayo 5:44, papo hapo alituagiza tuwaombee wanaotuudhi, na kuomba huanza na magoti hata moyo ukiwa bado unagoma. Torati nayo ilikuwa imeshapita njia hiyo. Soma Kutoka 23:5: ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimwache, msaidie kumwinua. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba umpende kwanza mwenye punda ndipo uushike mzigo. Nami huwaza hivi: mzigo ule huinuliwa na watu wawili, kwa hiyo wale waliochukiana iliwabidi wainame pamoja.

Kwangu punda alianguka usiku. Mtoto wa yule jirani alishikwa na degedege, naye akagonga kwangu kwa kuwa taa yangu ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Nilimbeba mtoto hadi hospitali huku nimemkasirikia mama yake, Mungu anajua. Tulikaa benchi moja mpaka alfajiri bila kusemezana. Mtoto alipona. Urafiki haukuja, hata leo ni salamu tu, lakini tangu usiku ule sijarudi tena ndani nikisikia mlango wake.

Watu wengi husoma Matendo 9 kwa ajili ya Sauli, mtesi wa waamini ambaye baadaye ndiye Paulo. Mimi nampenda Anania, mwamini wa Dameski. Aliagizwa aende kwa mtu aliyekuja Dameski kuwafunga waamini, akamjibu Bwana waziwazi kwamba amesikia mabaya ya mtu huyo. Hakukemewa kwa kuogopa. Aliambiwa tena aende, akaenda, akamwekea mikono na kumwita "Ndugu Sauli". Moyo wake ulikuwaje alipokuwa akivuka kizingiti kile, hatuambiwi.

Kuhusu msimamizi, siungani na wanaokutaka unyamaze. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani Anasi hakurudisha, lakini alimuuliza aliyempiga: kama nimesema vema, wanipigia nini? Paulo naye, alipochapwa na kufungwa kule Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa kisirisiri. Alitaka wakubwa waje wenyewe wamtoe. Kuitwa mwizi ni jambo zito, linagusa kazi yako. Zungumza na huyo dada kwanza mkiwa wawili. Asiposikia, mweleze msimamizi siku ilivyokuwa na maneno yenyewe yaliyosemwa, bila kutia chumvi. Ila usilipeleke kwenye kikundi cha maombi, nakusihi. Nimeona jina la mtu likiraruliwa pale huku tumefumba macho.

Kazi zikimlemea huyo dada siku moja mezani kwake, inama umsaidie. Na kesho asubuhi ukivisikia vile viatu, mtaje kwa Mungu kabla hajafika mlangoni. Ukikosa maneno, taja jina lake tu.