Wastani wa Darasa Haupandi: Nianzie Wapi?

SWALI: Nafundisha hisabati darasa la wanafunzi 40. Kila baada ya jaribio nakokotoa wastani na kupanga nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Wastani unacheza kwenye asilimia 48, haupandi wala haushuki. Takwimu hizi zitanisaidiaje kufundisha vizuri zaidi?

JIBU: Zilivyo sasa, hazitakusaidia. Wastani unakuonyesha darasa limepata ngapi, sio limekwama wapi. Wawili wenye alama 48 wanaweza kuwa wamekosa maswali tofauti kabisa.

Rudi kwenye jaribio la mwisho ulilosahihisha. Chora jedwali: majina kushoto, namba za maswali juu. Aliyepata mwandikie 1. Aliyekosa usimwekee 0, andika jibu lenyewe alilotoa. Aliyeliacha swali, weka kistari. Majibu ya makosa ndiyo yenye habari. Tuseme swali la 6 ni 1/3 + 1/4, na katika safu yake 2/7 imejirudia mara 17. Hao hawakukisia: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kama makosa yangetawanyika, kila mtu na lake, tatizo lingekuwa jingine. Vistari vikijazana kwenye maswali ya mwisho, huenda muda haukutosha.

Kabla ya kuwalaumu wanafunzi, likague swali. Likikoswa na kumi bora huku kumi wa mkiani wakilipata, kasoro huenda iko kwenye swali au kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Usirudie mada nzima kwa darasa zima. Wakusanye wale 17, wachore ukanda wenye vipande 12 sawa: theluthi ni vipande 4, robo ni 3, jumla 7/12. Kisha waulize: 2/7 ni ndogo kuliko 1/3 mliyoanza nayo, imekuwaje mmeongeza kitu na jumla ikapungua? Swali hilo hufanya kazi kubwa kuliko kuwakaririsha kanuni.

Fungua pia daftari la mahudhurio. Ambaye hakuwepo siku ya somo hahitaji kusahihishwa, anahitaji kufundishwa.

Baada ya wiki moja au mbili wape maswali matatu ya stadi hiyohiyo kwa namba nyingine. Ukirudia namba zilezile utakuwa unapima kumbukumbu, na swali moja pekee halitoshi kuamua nani ameelewa. Orodha ya nafasi usiibandike ukutani. Haimwambii mwanafunzi arekebishe nini.